MACHO YALIYO KILELENI

Mtu wa Bombambili aamkapo alfajiri akafungua bomba la uani kwake, hana haja ya kuuliza maji yametoka wapi. Ndoo hujaa, birika hutelekwa jikoni, watoto hunawa uso kwenda shule. Jina lenyewe la mtaa huu wa Songea, kwa kila asikiaye Kiswahili, ni jina la maji: bomba, tena mbili. Lakini bomba halizai maji. Bomba ni njia tu, na kila njia ina mwanzo wake. Mwanzo wa njia hii uko juu, katika milima ya Matogoro. Na kila mwaka, miezi ya kiangazi ifikapo, mwanzo huo hukabiliwa na adui mmoja ambaye wengi wetu tumemzoea hata hatumwoni tena kuwa ni adui. Adui huyo ni moto.

Leo twataka kusema habari za moto huo, na habari za kazi moja ya zamani ambayo watu wachache huifikiri: kazi ya mtu apandaye hata kilele cha mbali, akakaa juu ya mnara au juu ya jiwe, akatazama pande zote nne kuona moshi watoka wapi. Kazi hiyo haina kelele wala sifa. Mtu aifanyaye akiifanya vizuri, hapana litokealo, na kwa kuwa hapana litokealo, watu husema kwamba hafanyi kitu. Twaona kwamba maneno hayo si ya haki.

Milima ya Matogoro imesimama karibu kabisa na mji wa Songea. Huko ndiko uanziako mto Ruvuma, mto uliolipa jina lake mkoa mzima. Maji yake huteremka hata kuufikia mpaka wa Msumbiji, kisha hushika njia ya mashariki, yakatenga nchi mbili, yakaingia Bahari ya Hindi kusini ya Mtwara baada ya safari ya kilomita zipatazo 800. Kutoka milima hiyo hiyo hutoka vijito viingiavyo katika mto Luhira, mto ambao mji wa Songea umeutegemea kwa maji yake ya bomba. Kwa hiyo basi, asemaye kwamba msitu wa Matogoro ni mali ya mabwana misitu peke yao, amesahau kikombe alichonywea maji asubuhi ya leo.

Yafaa tueleze jinsi moto wa mlimani unavyoyapunguza maji ya bondeni, kwani si kila mtu huona uhusiano huo. Mvua inyeshapo juu ya msitu, haianguki moja kwa moja juu ya udongo. Huangukia kwanza majani ya miti, kisha nyasi, kisha tabaka la majani makavu yaliyooza chini. Tabaka hilo hufanya kazi kama sifongo: huyapokea maji, huyashika, huyaachia polepole yazame ardhini. Maji hayo yaliyozama ndiyo yatokayo tena katika chemchemi mwezi wa Septemba na Oktoba, wakati mbingu ni kavu na hapana wingu. Moto ukipita ukalichoma tabaka hilo, udongo hubaki uchi. Mvua ya kwanza ya Novemba au Desemba huupiga udongo huo kama nyundo, hukimbia juu yake badala ya kuzama, hubeba udongo na majivu, na mto hujaa tope kwa siku chache. Kisha, kiangazi kijacho, chemchemi hukonda. Watu husema kwamba mvua imepungua. Pengine mvua ilikuwa ile ile. Kilichopungua ni mahali pa kuihifadhi.

Mfano mkubwa wa jambo hili tunao hapa hapa nchini, katika mlima Kilimanjaro. Dunia nzima hulilia theluji ya Kibo inayoyeyuka. Lakini mtaalamu Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huo kwa miaka mingi, alieleza mwaka 2005 kwamba hasara kubwa zaidi ya maji haitoki katika theluji bali katika moto. Tangu mwaka 1976 moto ulikuwa umeusukuma mpaka wa juu wa msitu ushuke kwa mamia ya mita, na msitu ule ndio uliokuwa ukiyakamata maji ya ukungu na kuyatia ardhini. Theluji hupigwa picha na wageni. Msitu hauna wa kuupiga picha. Hata hivyo msitu ndio ulioinywesha migomba ya Wachaga.

Tarehe 11 Oktoba, 1920 ilikuwa bado mbali na siku zetu, lakini 11 Oktoba, 2020 twaikumbuka wote. Siku hiyo moto ulizuka katika Kilimanjaro, kwenye njia ya Mandara na Horombo, penye kituo cha kupumzikia wapandaji. Usiku ule watu wa Moshi waliziona ndimi za moto juu ya mlima. Mamia ya watu walipanda kuuzima, wakiwamo askari wa hifadhi, wanafunzi na wananchi wa vijiji vya jirani, wakipiga moto kwa matawi na kukata njia kwa majembe, kwa siku nyingi. Kabla haujakwisha uliteketeza kilomita za mraba zipatazo 95. Moto huo uliweza kuonwa na mji mzima. Lakini kuonwa ukiwa umekwisha kuwa mkubwa ni jambo jingine, na kuonwa ungali moshi mwembamba kama wa sigara ni jambo jingine kabisa. Hapo ndipo ilipo thamani ya macho yaliyo kileleni.

Mataifa mengine yalijifunza somo hilo kwa gharama ya maisha ya watu. Nchini Marekani, tarehe 20 na 21 Agosti, 1910, upepo mkali uliunganisha mioto mingi midogo katika majimbo ya Idaho na Montana. Kwa siku mbili ekari kiasi cha milioni 3 ziliteketea, na watu zaidi ya 80 walikufa, wengi wao wakiwa ni vibarua walioajiriwa kuuzima. Baada ya msiba huo serikali ya huko iliazimia kwamba moto sharti uonwe mapema. Minara ikajengwa juu ya vilele, mingine ya mbao, mingine ya chuma, na watu wakaajiriwa kukaa humo majira yote ya kiangazi. Mwaka 1913, katika milima ya Klamath huko California, aliajiriwa Hallie Daggett, mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo na idara ya misitu ya nchi ile. Walikuwapo waliosema kwamba hataweza upweke, na kwamba atashuka mwenyewe baada ya siku chache. Alirudi kileleni msimu baada ya msimu, kwa muda wa miaka kama kumi na mitano.

Namna ya kufanya kazi ya mnara ni nyepesi kueleza, ingawa si nyepesi kuitenda. Katikati ya chumba cha juu huwekwa meza ya duara yenye ramani ya nchi inayoonekana, na juu yake kipimo chenye matundu mawili ya kulengea, mfano wa bunduki. Mlinzi aonapo moshi huugeuza ule mpimo hata moshi ukae sawa ndani ya matundu, kisha husoma nyuzi zilizoandikwa pembeni ya duara. Sasa ajua moto uko upande gani, lakini bado hajui uko umbali gani. Hapo humwita mwenzake aliye katika mnara mwingine, ambaye naye hulenga moshi ule ule na kusoma nyuzi zake. Mistari miwili ikichorwa juu ya ramani, pale inapokutana ndipo penye moto. Mtu mmoja peke yake hupata mwelekeo; wawili wakipatana hupata mahali. Hatudhani kwamba pana haja ya kuongeza mafundisho juu ya fundisho hilo.

Nasi Tanzania tunayo minara. Katika shamba la miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, shamba kubwa kuliko yote ya serikali, ambalo miti yake ya majaribio ilipandwa tangu mwaka 1939, minara ya kuangalia moto imetumika pamoja na njia pana za kukinga moto zilizosafishwa kati ya vitalu. Ipo sababu. Msonobari hubeba utomvu, na utomvu huwaka kama mafuta ya taa. Kazi ya miaka 25 ya kupanda, kupalilia na kupogoa yaweza kuwa majivu kati ya saa sita mchana na magharibi. Na si miti tu iteketeayo. Huteketea pia ujira wa mkata magogo, wa dereva, wa mtu wa kiwanda cha mbao na wa mama auzaye chakula langoni mwa kiwanda. Mlinzi wa mnara hulinda mikate ya watu wengi ambao hawajui hata jina lake.

Lakini kwa nchi ya milima kama ya Songea, mlima wenyewe ni mnara. Twamshauri kila mfanyakazi wa mjini, apatapo siku ya mapumziko na ruhusa ya wanaoulinda msitu, apande Matogoro kwa miguu yake. Atoke mapema, kabla jua halijakuwa kali, avae viatu vya kufunga, achukue maji ya kutosha, na asichukue kiberiti. Mwanzoni atapita kati ya miyombo, ambayo mwisho wa kiangazi huchipua majani mekundu hata kabla ya mvua kunya. Ataona magome meusi kwa chini, urefu wa goti au wa kiuno, na alama hiyo itamwambia moto uliopita ulikuwa na kimo gani. Ataona miche midogo iliyokufa ikiwa imesimama wima. Na katika mabonde yenye unyevu, ambako moto haukuingia, atakuta kivuli kizito na ardhi laini chini ya nyayo, naye atafahamu bila mwalimu tofauti ya ardhi iliyochomwa na ardhi iliyonusurika.

Akifika juu, miguu ikitetemeka na jasho likimtoka, ataona kitu ambacho mtu wa bondeni haoni. Ataona mapaa ya mabati ya mji yakimetameta, mashamba ya mahindi yaliyokwisha vunwa, barabara nyekundu, na mstari wa kijani ukijikunja ndani ya nchi ya kahawia. Mstari huo ni mto. Na kama ni Septemba au Oktoba, ataona moshi: mmoja huku, mwingine kule, wa tatu mbali zaidi. Hapo yafaa ajiulize swali la mlinzi: upi kati ya moshi hii ni wa mtu aliyesimama kando ya moto wake na jembe mkononi, na upi ni wa moto ulioachwa ujiendee?

Wapo watakaotuambia kwamba siku hizi hapana haja ya kupanda milima, kwa kuwa kuna vyombo vya angani. Ni kweli, na ni jambo la kufurahisha. Tangu mwaka 1999 kilipopelekwa angani chombo kiitwacho Terra, na mwaka 2002 kilipofuata kingine kiitwacho Aqua, joto la moto limeweza kuonwa kutoka juu ya dunia nzima, na habari zake kupatikana kwa saa chache. Vyombo vilivyofuata huona moto katika vipande vya ardhi vya mita 375 kwa 375. Lakini chombo hicho hupita juu yetu mara chache tu kwa siku. Moto ulioanza mara tu baada ya kupita kwake una saa nyingi za kutembea na upepo kabla hakijarudi, na wingu likitanda, jicho lake hufungwa. Tena chombo cha angani chaweza kusema kwamba mahali fulani pana joto. Hakiwezi kusema kama ni mkulima asafishaye shamba au ni moto kichaa. Mtu wa hapo ajua. Kwa hiyo hatuoni kwamba yafaa kuchagua kimoja na kutupa kingine. Chombo cha angani kitazame nchi nzima, na macho ya mtu yatazame kilima chake.

Hata hivyo, tungekuwa tunadanganya kama tungekomea hapo. Mnara hauzimi moto. Mlinzi aliye juu apigapo simu na asipate wa kumjibu chini, atabaki kuutazama msitu ukiungua. Nguvu ya mnara haiko katika nguzo zake, bali katika watu walio bondeni. Na watu hao hawaji kwa kutishwa. Huja wakiwa wanaona kwamba msitu ni wao.

Historia yetu yatufundisha jambo hilo kwa uchungu. Serikali ya Wajerumani ilitunga sheria ya kuhifadhi misitu mwaka 1904, na chini yake maeneo yalitengwa na wenyeji wakazuiwa kutumia misitu waliyoizoea tangu mababu. Mwaka uliofuata, 1905, vita vya Maji Maji vilizuka, navyo vikaendelea hata 1907. Sababu zake zilikuwa nyingi: kazi za kulazimishwa, mashamba ya pamba, kodi, na vizuizi vya misitu na uwindaji navyo vilikuwa sehemu ya manung'uniko. Songea ilivilipia vita hivyo kwa damu. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu wachukua jina lake, alinyongwa mwaka 1906 pamoja na mashujaa wenzake. Msitu ulindwao dhidi ya wananchi hauna ulinzi. Waweza kuweka askari juu ya kila kilele, na bado moto utawaka usiku.

Basi tuwatazame kwa haki watu wanaowasha moto. Mkulima wa mahindi huvuna katikati ya mwaka, kisha husafisha shamba karibu na mvua, yaani wakati uleule ambapo nyasi zimekauka kabisa na upepo ni mkali. Hachomi kwa wazimu. Achoma kwa kuwa moto ni kibarua asiyedai ujira. Mrina asali huchoma ili nyuki wampishe. Mfugaji huchoma ili nyasi changa zichipue. Mwindaji huchoma ili mnyama atoke. Kila mmoja ana sababu yake, na kila mmoja hudhani kwamba moto wake utaishia pale autakapo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina masharti juu ya kuwasha moto, na masharti hayo ni ya lazima. Lakini sheria humkuta mtu baada ya moto. Sisi twatafuta kitu kitakachomkuta kabla.

Kitu cha kwanza ni wakati. Mwaka 1933, huko Ndola katika nchi ambayo leo ni Zambia, yalianzishwa majaribio katika msitu wa miyombo kama wetu. Sehemu moja iliachwa bila moto, ya pili ikachomwa mapema kila mwaka nyasi zikiwa bado na ubichi, ya tatu ikachomwa mwishoni mwa kiangazi. Kadiri miaka ilivyopita, ile isiyochomwa ilizidi kuwa msitu mzito. Iliyochomwa mapema ilibaki na miti yake. Iliyochomwa kwa kuchelewa ilipoteza miti ikawa nchi ya nyasi. Moto ulikuwa uleule. Tofauti ilikuwa ni mwezi. Basi panapokuwa hapana budi kuchoma, na ichomwe mwezi wa Mei au Juni, asubuhi au jioni pasipo upepo, majirani wakiwa wamepewa habari, na ukanda uliolimwa ukiwa umekwisha kuzunguka shamba.

Kitu cha pili ni kulima bila moto, na kwa hilo mkoa wa Ruvuma hauna haja ya kutafuta mwalimu mbali. Wamatengo wa Mbinga, katika miteremko mikali ya milima yao, hufyeka nyasi, huzipanga juu ya ardhi katika miraba, kisha huzifunika kwa udongo wanaouchimba kutoka katikati ya kila mraba. Ndicho kilimo cha ngoro. Nyasi huoza zikawa mbolea, na mashimo hushika maji ya mvua yasikimbie. Kile ambacho jirani hukichoma, Mmatengo hukizika kikamrudishia chakula. Hawakufundishwa na mgeni yeyote. Waliibuni wenyewe zamani. Hatusemi kwamba kila shamba la Songea lifanane na la Mbinga, kwani ngoro hutaka kazi nyingi na mteremko wake. Twasema kwamba dhana ya kuwa pasipo moto hapana shamba si kweli, na ushahidi uko jirani.

Kitu cha tatu ni kumthamini mlinzi. Iwe ni mtumishi wa serikali juu ya mnara wa chuma, au ni kijana wa kijiji aliyechaguliwa na wenzake kutazama kilima wakati wa kiangazi, apewe chombo cha kuitia, apewe wa kumjibu, na apewe haki yake kwa wakati. Kumwambia mtu akeshe kwa ajili ya wengine huku nyumbani kwake kumelala njaa ni kuutia moto kwa mkono mwingine. Na kila kijiji kilicho chini ya mlima kijue mapema nani atashika panga, nani atashika majembe, na nani atabaki na watoto. Moto hausubiri mkutano uitishwe.

Ndugu wasomaji, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa moto ni moshi mwembamba wa saa nne asubuhi; ukuta ni mlima mweusi wa saa kumi jioni. Kati ya viwili hivyo pana saa sita tu, na katika saa hizo kuna mtu mmoja aliyeona na watu kumi waliokubali kwenda. Kiangazi kijacho kitafika kama vilivyofika vingine. Kabla hakijafika, wakazi wa Bombambili na wa mitaa yote inywayo maji ya Matogoro wana wajibu wa kuuliza, katika mikutano yao ya mtaa na mahali pao pa kazi: nani anatutazamia mlima wetu mwaka huu, na akiita, nani kati yetu atakwenda?